Peremende Zilizobaki Katika Ghala la Chokaa

Kisauni, Jumamosi, 1 Novemba 1947

Wewe uliyekiokota kitabu hiki, nakusihi ukifunge sasa hivi. Kama huwezi kukifunga, basi usimsomee mtu yeyote hata neno moja. Usimwonyeshe Mzee Gershom, karani mkuu. Usimpe Katana, mlinzi wa getini, hata kama hajui kusoma, kwa kuwa atampata wa kumsomea. Zaidi ya wote asikione Bwana Mackie, mwenye kampuni ya chokaa ninayoifanyia kazi. Kazi yangu ni ya majaribio mpaka tarehe 29 mwezi huu. Siku hiyo Bwana ataamua kama nibaki au niende.

Mimi ni Kenga wa Tsuma, mtu wa Kaloleni, umri wangu miaka ishirini. Baba yangu amekwisha kusimama kanisani akatangaza kwamba mwanawe ni karani wa kampuni. Nikifukuzwa, itakuwa amesema uongo mbele ya madhabahu. Vijana wawili niliosoma nao walipoteza kazi baada ya mgomo wa Januari. Mmoja wao nikikutana naye njiani huniuliza, "Bado upo?" Nami husema bado.

Sasa nieleze lililonifanya nianze kuandika. Jana jioni Memsahib, mke wa Bwana Mackie, alifanya karamu ya watoto. Kwao Skotland mwisho wa Oktoba wana sikukuu. Kwenye baraza aliweka boga lililotobolewa macho na meno, na mshumaa ndani. Watoto thelathini walialikwa kutoka kisiwani Mvita, lakini mvua ilinyesha tangu adhuhuri na waliovuka daraja la Nyali walikuwa wanne tu. Peremende zimebaki debe zima. Peremende debe zima, wakati huu wa sukari ya kugawiwa kwa kadi!

Leo asubuhi Memsahib aliniita.

"Kenga, wewe mtu ya kuangalia sana. Hii debe weka ofisi. Nyumbani Bwana atamaliza yote, na daktari ya meno nasema hapana. Siku ya maonyesho mimi tapa watoto ya mafundi."

"Ndiyo, Memsahib. Samahani, Memsahib, ile sikukuu ni ya nini?"

"Ni siku ya watu nakufa. Wao narudi nyumbani. Watoto napiga mlango, sisi napa tamu."

Nikajibu ndiyo, kama mtu aliyeelewa. Kisha nikabeba debe mpaka ofisini, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza nimebeba nini.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani. Nilitaka kumwuliza mchungaji kama peremende za sikukuu ya wafu zina ubaya. Sikumwuliza.

Jumatatu, 3 Novemba

Ofisini hakuna kabati lenye kufuli isipokuwa la Mzee Gershom, nami sithubutu kumwomba. Nilifikiria chumba cha mlinzi. Ni kikavu, kina rafu, na Katana hatoki pale. Amekaa getini miaka kumi na mmoja, naye analala humo humo, hana nyumba nyingine hapa.

"Shikamoo, Baba Katana."

"Marahaba, Karani. Umebeba nini hicho?"

Mimi siwezi kusema nusu ya jambo. Nilifundishwa kueleza yote. Nikamwambia ni peremende zilizobaki kwenye karamu ya Memsahib, na karamu yenyewe ni ya wafu wanaorudi nyumbani, na zinatakiwa kufungiwa mpaka tarehe 22, siku ya maonyesho ya mafundi hapa uwanjani.

Katana alilitazama debe, akanitazama mimi.

"Chakula cha koma."

"Ni peremende tu, Baba."

"Karamu ya nani umesema?"

"Ya wafu. Lakini wafu wao, wa Skotland."

"Wafu wana mpaka?" akasema. "Toa. Mimi silali na hicho kitu. Toa, mwanangu, usinitie makosani."

Nikalitoa. Nilikasirika kidogo. Nilijiambia, huyu ni mtu wa zamani, ana hofu ya koma, mizimu ya mababu, mimi nimesoma. Lakini nilipokuwa nikiondoka niliona mikono yangu imelishika debe mbali na kifua.

Jumanne, 4 Novemba

Debe liko chini ya meza yangu.

Jumatano, 5 Novemba

Sisimizi wamelipata. Walipanga mstari kutoka dirishani mpaka chini ya meza, wakapita juu ya kiatu cha Mzee Gershom. Yeye ni mtu wa Taita, hacheki upesi. Alivua kiatu, akakikung'uta, akaniangalia juu ya miwani.

"Kenga, tumeajiri wangapi?"

"Nitawaondoa, Mzee."

"Waandike kwanza. Usije ukawaondoa bila barua, Karani wa Peremende."

Vibarua waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Jina hilo halitanitoka sasa. Naamini Mzee Gershom anatafuta jambo la kumwambia Bwana juu yangu. Bwana aliondoka juzi kwenda Nairobi, harudi mpaka tarehe 24, na kila siku nasikia taipu ya Mzee ikilia na sijui anaandika nini.

Alasiri nilipata wazo, na nililiona zuri sana. Katika ghala kuna chokaa ambayo haijazimwa kwa maji. Chokaa ya namna ile huvuta unyevu wote ulio karibu nayo, na sisimizi hawaisogelei. Ghalani ndiko mahali pakavu kuliko pote. Nilipanda juu ya magunia, nikaweka debe katikati yake. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuangalia sana, nikavuta turubai lililofunika magunia ya ukutani, nikalikunja mara nne, nikalifunga debe kwa kamba pande zote, kwa fundo la skauti nililofundishwa misheni. Sasa hata vumbi haliingii.

Alhamisi, 6 Novemba

Kukavu. Nimekwenda kutazama mara mbili.

Jumamosi, 8 Novemba

Kukavu.

Jumatatu, 10 Novemba

Memsahib amenipa kazi ya maonyesho. Tarehe 22 uwanja wa kampuni utakuwa wa mafundi wa kazi za mikono kutoka pande zote hizi za bara, na wenye maduka wa kisiwani watakuja kutazama na kuagiza. Mimi nitamfuata kila fundi kwake na kuandika kadi yenye jina lake, anachotengeneza, na muda anaotumia kukitengeneza. Niliogopa. Mimi sijui kuzungumza na watu nisiowajua.

Jumatano, 12 Novemba

Leo nimefurahi, na naandika ili nikumbuke kwamba niliwahi.

Nilikwenda Utange kwa baiskeli ya kampuni. Fundi wa kwanza ni Jumwa, msukaji wa vikapu, mama mwenye sauti nene. Nilikaa kwenye kigoda chake nikatoa kadi.

"Kikapu hiki kimekuchukua muda gani, mama?"

"Hicho? Nilikianza mtoto wangu akiwa na surua."

"Ndiyo. Na ukakimaliza lini?"

"Alipoanza kunitukania kuku tena."

Nilikaa na kalamu hewani. Nikamwuliza ni siku ngapi hizo. Akasema yeye hakuzihesabu, alikuwa akimtazama mtoto. Basi nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno.

Mwakirunge nilimkuta Nguma, mchongaji wa mbuzi za kukunia nazi. Alinikalisha juu ya mbuzi mpya, akanipa nusu ya nazi, akasema nikune. Sijakuna nazi tangu nianze shule. Alinicheka mpaka akashika mti. "Huyu karani wenu anakuna kama anafuta ubao!" Lakini ile mbuzi haikutikisika hata kidogo, na meno yake yalikuwa makali sawasawa pande zote. Nilimwuliza muda. "Inategemea," akasema. "Ya mke wa mtu, siku mbili. Ya mama yangu ilinichukua mwezi."

Niliandika hivyo pia. Memsahib alisomewa kadi akapiga makofi. Mzee Gershom alizisoma mwenyewe, kimya, kisha akazipiga taipu bila kubadilisha neno.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua tangu saa nane mchana. Haijapungua.

Jumamosi, 15 Novemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Asubuhi saa moja nilipofika getini niliona mvuke ukitoka chini ya paa la ghala. Nilidhani ni moto. Katana alikuwa amesimama mlangoni na jembe mkononi, amewafukuza vibarua wasiingie.

"Chokaa imepata maji," akasema. "Usikaribie, Karani. Inachemka."

Bati moja lilikuwa limeachia ukutani na maji yameingia. Magunia yaliyokuwa chini yake ndiyo yale niliyoyavua turubai. Yalikuwa yamepasuka, chokaa imefura kama unga wa mkate na inapumua moto. Hata pale mlangoni nilisikia joto usoni. Ilituchukua mpaka saa nne kuweza kuingia. Debe lilikuwa bado liko juu, ndani ya turubai langu, kavu kabisa. Halikuingiwa na tone la maji wala chembe ya chokaa. Lakini nilipolishika likaniunguza.

Nikalifungua nyuma ya ghala. Peremende hazipo. Badala yake kuna kitu kimoja kikubwa, chenye pembe nne kama debe lenyewe, chekundu upande huu, kijani upande ule, na katikati rangi zimeviringana. Niligonga, kikalia kama jiwe.

Magunia saba yameharibika. Nimeyaharibu mimi. Nilivua turubai kwenye mali ya kampuni nikafunika peremende.

Mzee Gershom alikuja na mwavuli, akatazama bati, akatazama magunia. "Turubai lilikuwa wapi?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Nilifungua mdomo.

"Sijui, Mzee," akasema Katana. "Kufunika ni kazi yangu."

"Basi nitaandika hivyo," akasema Mzee Gershom, "mpaka Bwana arudi."

Mimi nikafunga mdomo. Ndivyo ilivyokuwa. Sikusema chochote, na sasa ni saa kumi na mbili jioni na bado sijasema chochote.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Bi Mwanatabu naumwa tumbo. Yeye ndiye mwenye nyumba ninayopanga chumba, mjane, mtu wa Mvita aliyehamia huku bara, na zamani kashata zake zilikuwa zikiulizwa mpaka ng'ambo ya daraja. Tangu sukari ianze kugawiwa ameacha. Aliingia na uji, akaliona debe kitandani.

"Na hilo ni lipi, mwanangu?"

Nikamwonyesha. Akainama, akanusa, akakwaruza kwa ukucha.

"Wallahi hii ni sukari."

"Ni peremende, Bi Mwanatabu. Zimeyeyuka. Ni za karamu ya wafu ya Wazungu."

"Weye nambie kitu kimoja. Ina mafuta ya nguruwe?"

Nikasoma karatasi ya debe mara mbili. Sukari, rangi, nanaa, ndimu.

"Hakuna."

"Basi walia nini? Sukari ikiyeyuka yawa sukari iliyoyeyuka. Niletee nyundo, na nazi kumi."

"Lakini si zangu. Ni za watoto wa mafundi."

"Na kashata watakula nani, mapaka?"

Nililamba mimi kwanza, upande wa nje na upande wa ndani, nikangoja mpaka saa kumi alasiri kama nitadhurika. Sikudhurika. Bi Mwanatabu alinipitia kila nusu saa. "Hajafa bado?" akauliza mlangoni, kisha akajijibu: "Hajafa. Haya."

Jumatatu, 17 Novemba

Ripoti ya chokaa imepigwa taipu. Niliiona mezani. Inasema magunia hayakuwa yamefunikwa, na kwamba mlinzi ndiye mwenye wajibu wa kuyafunika. Ni kweli tupu, na haimo kweli yenyewe.

Jumanne, 18 Novemba

Katana ameanza kufunga vitu vyake kwenye mkeka. Nilimwuliza kwa nini. Akasema Bwana akirudi asimkute bado anatafuta kamba ya mzigo.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 20 Novemba

Baada ya kazi tulitengeneza kashata, kabla ya maghribi. Mbuzi ilikuwa ya Nguma, ameniazima. Nilikuna nazi zote mimi. Bi Mwanatabu alivunja lile jiwe kwa nyundo juu ya gunia safi, akaweka vipande katika sufuria na maji kidogo, vikayeyuka vikawa maji mekundu ya kahawia. Halafu nazi, halafu iliki. Alinipa mwiko, akanipokonya, akanipa tena. "Koroga kwenda mbele! Weye wakoroga kama waandika!" Ilipokuwa nzito akaimwaga kwenye sinia, akaisawazisha kwa kifuu kilichopakwa mafuta, akaikata pembe pembe ingali na moto. Masinia matatu. Rangi yake ilikuwa ya waridi, inayoelekea kahawia.

Kwa muda wote ule sikumkumbuka Bwana Mackie. Nilipomkumbuka, ilikuwa kama mtu amenifungulia dirisha mgongoni.

Jumamosi, 22 Novemba

Siku ya maonyesho. Kulikucha na jua.

Sikujua kwamba uwanja wetu, ambao siku zote ni mweupe kwa vumbi la chokaa, unaweza kuwa na rangi nyingi hivi. Vikapu vya Jumwa vilining'inizwa kwenye kamba ya vibarua ya kuanikia nguo. Kulikuwa na mikeka ya ukindu iliyotiwa zambarau, miiko na kata za vifuu, vyungu kutoka Rabai, njuga za mhunzi ambazo kila mtu alitaka kuzitikisa, kofia zilizodariziwa zenye vitundu vidogo kama punje za mchele. Kila fundi alikuwa na kadi yangu mbele yake. Wasiojua kusoma waliwasimamisha wapita njia: "Nisomee hapa, imesema nini juu yangu?" Nguma alisomewa yake mara tano, na kila mara alitazama kando kama anayesikia habari ya mtu mwingine.

Mwenye duka mmoja wa kisiwani, mtu mpole mwenye kofia nyeusi, alisimama kwa Jumwa akasoma kadi, akacheka peke yake.

"Na mtoto yu wapi sasa?"

"Huyo hapo," akasema Jumwa, "anakutukania viatu."

Akaagiza vikapu vya kutosha kufunika kuta mbili za duka lake. Jumwa alinishika bega akanitikisa. "Karani! Andika, andika, asije akageuka!" Niliandika. Nilipita kila meza mara tatu, na mara ya tatu sikuwa na kazi ya kufanya, nilikuwa nikitazama tu. Nilinunua kata ya kifuu. Sijui nitachota nini.

Saa tano Memsahib alinijia.

"Kenga, peremende iko wapi? Watoto nangoja."

Nikampeleka kwa Bi Mwanatabu, aliyekaa na masinia yake yamefunikwa kanga. Bi Mwanatabu akafunua. Memsahib alichukua kashata moja, akauma. Akatafuna polepole. Kisha akaacha kutafuna.

"Hii... ndani iko nanaa. Nanaa ya mama yangu natuma."

"Ziliyeyuka, Memsahib," nikasema. "Kwa joto. Sikutaka kuzitupa. Nisamehe."

Alinitazama, akaitazama kashata. Niliona macho yake yamelowa, lakini alikuwa anacheka.

"Mama yangu takasirika sana," akasema, "kwa sababu hii tamu kupita yake."

Watoto wakaitwa, wakaja kama nzige. Na wakubwa nao. Bi Mwanatabu aliwapiga mikono kwa mwiko wale waliokuwa wakirudia, akawapa hata hivyo.

Nilimwona Katana akija kutoka getini. Nilitaka kumzuia. Alikuwa amekataa kulala na debe lile, na sasa angelila bila kujua. Lakini angeniuliza kwa nini, nami ningelazimika kueleza yote, mpaka turubai. Akachukua kashata yake, akasogea kando penye mwarobaini, akamega kipande akakiangusha chini. Akasimama kidogo. Halafu akala iliyobaki, akarudi akaomba nyingine. Alikula saba.

Jumapili, 23 Novemba

Sikuweza kutulia. Baada ya ibada nilikwenda getini. Mkeka wake ulikuwa umefungwa tayari, umesimamishwa ukutani.

"Baba Katana, zile kashata za jana. Lazima nikuambie zilitengenezwa kwa nini."

"Kwa peremende za debe," akasema.

Nikakaa chini.

"Ulijua?"

"Mwanangu, nanusa chokaa miaka kumi na mmoja. Kitu kingine kikiingia ghalani sitakinusa?"

"Lakini ulikataa kulala na debe. Ulisema ni chakula cha koma."

"Ni chakula cha koma. Nani alikwambia chakula cha koma hakiliwi?" Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati ndani nje. "Wazee wako hawakukufundisha? Unawamwagia chao chini, kisha kilichobaki kinaliwa na waliopo. Siku ile ile, hapo hapo, kiishe. Hakuna kubakiza. Wewe uliniletea kimefungwa, ukataka nikifungie wiki tatu. Wenyewe wamekuja, hawakupewa, na mimi nimekaa na ufunguo! Ndilo nililolikataa."

Nimesoma mpaka darasa la juu kabisa misheni, na sikujua hilo la nyumbani kwetu. Nilidhani anaogopa chakula. Yeye alikuwa anaona aibu ya choyo.

"Na turubai?" nikauliza, kwa sauti ndogo.

"Turubai lilikuwa limefungwa fundo la skauti. Hapa kampuni nzima nani mwingine anafunga fundo kama lile?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikunyima rafu. Ningekupa, usingekwenda kule." Akainuka kumfungulia mtu geti. "Wewe kijana, utapata wapi kazi nyingine ya kalamu? Mimi nitapata geti."

Hatapata. Ana nywele nyeupe, na tangu mgomo wa Januari wasio na kazi wamejaa kila geti.

Jumatatu, 24 Novemba

Bwana amerudi.

Jumanne, 25 Novemba

Nilikwenda mpaka mlangoni pake. Nikarudi.

Jumatano, 26 Novemba

Nimesema.

Niliingia saa tatu. Ripoti ilikuwa mbele yake na kalamu mkononi. Bwana Mackie ni mtu mrefu anayezungumza Kiswahili kizuri kwa sauti ndogo, na ile sauti ndogo ndiyo huniogopesha.

"Bwana, turubai nilitoa mimi. Katana hakujua mpaka mvua iliponyesha."

Akaweka kalamu. "Ulilitoa kwa nini?"

"Kufunga debe la peremende, Bwana. Lisipate unyevu."

"Ukaliweka kwenye chokaa."

"Kwa sababu chokaa huvuta unyevu, Bwana."

Akaiangalia ripoti tena. Nilisikia taipu ya Mzee Gershom imenyamaza, upande wa pili wa ukuta.

"Wazo lilikuwa zuri," akasema Bwana. "Kazi ilikuwa mbaya. Umekaa siku ngapi bila kusema?"

"Kumi na moja, Bwana."

"Hilo ndilo baya kuliko magunia."

"Ndiyo, Bwana."

"Zilikuwamo za nanaa?"

"Zilikuwamo, Bwana."

Akageukia dirishani. "Nenda kazini. Nitaamua Jumamosi."

Nikatoka. Mzee Gershom hakuinua kichwa. Alinisukumia kiti kwa mguu.

Alhamisi, 27 Novemba

Kukavu.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimemwandikia baba barua, kisha nikaichana.

Jumamosi, 29 Novemba

Barua yangu nilipewa na Mzee Gershom saa nne. Sikuthibitishwa. Majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu, mpaka mwisho wa Februari. Sikufukuzwa. Ripoti imeandikwa upya, na jina la Katana halimo.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Mzee Gershom alifungua kabati lake lenye kufuli, akatoa karatasi ya zamani iliyogeuka njano, akaiweka juu ya yangu. Ilikuwa barua kama hii, ya jina lake. Majaribio yake yaliongezwa mara mbili.

"Mimi ilikuwa wino," akasema. "Niliumwaga juu ya ramani ya tanuri la kuchomea chokaa. Nikakaa kimya mwezi mzima." Akairudisha kabatini. "Kaa, Karani wa Peremende. Kuna barua za kujibu."

Mchana nilipita getini. Mkeka ulikuwa umetandikwa tena. Bi Mwanatabu alinipa kashata ya mwisho, aliyoificha watoto wasiione, nikaigawa nusu kwa nusu mimi na Katana. Yeye akamega chake akaangusha. Mimi nikasita, kisha nikaangusha changu. Nilimfikiria bibi yangu mzaa mama, aliyependa vitu vitamu, na mama wa Memsahib, ambaye yu hai na hana habari.

Nimerudi kusoma ukurasa wa kwanza. Sikuufuta, kwani niliuandika kweli, lakini yaliyomo yamepitwa. Basi, wewe uliyekiokota kitabu hiki, nisikilize upya. Vuka daraja la Nyali, shika njia ya Kisauni mpaka uone vumbi jeupe kwenye majani ya mikorosho. Geti ni la bati. Usipige kelele wala usipite moja kwa moja ofisini. Mwamkie Katana kwanza, naye atakukaribisha ukae. Mwambie unamtafuta Karani wa Peremende, nitakuja mwenyewe. Na kama una chochote kitamu mkononi, kitoe hapo hapo, usikifungie kwa ajili yangu.